WASIA KWA BINTI AENDAYE NAKURU KUSOMA UUGUZI

Twamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu, na twamtakia Rehema na Amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zangu Waislamu, kila mwaka yakishatoka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, na vyuo vikishagawa nafasi zao, hufika katika nyumba zetu za Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale khabari za vijana wetu walioitwa kusoma. Katika khabari hizo imo ya binti wa Kiislamu aliyeitwa Nakuru kusoma shahada ya uuguzi. Hii ni khabari ya furaha. Walakini ifikapo mlangoni, furaha hugeuka baraza. Ami asema lake, jirani asema lake, bibi alia, na baba anyamaza asijue la kushika. Siku za kuripoti nazo haziwangoji watu wamalize mashauri yao. Zikipita, nafasi hupewa mwengine, na binti hubaki nyumbani na cheti chake ndani ya sanduku.

Basi leo twataka kulitia jambo hili katika mizani ya Sharia, tuyaache maneno ya barazani yalivyo. Kisha tutamwambia binti mwenyewe maneno machache ya kumfaa njiani, na tutawaambia watu wa mji yaliyo juu yao.

ELIMU HII NI KITU GANI?

Wako wadhanio kwamba muuguzi ni mtumishi wa kutandika vitanda na kumwaga makarai. Hili ni neno la mtu ambaye hajapata kulazwa. Shahada ya uuguzi katika Kenya ni miaka 4 ya masomo. Mwanafunzi hasomeshwi kuingia chuoni ila awe amepata katika mtihani wake daraja ya C+ kwa jumla, na awe amefanya vizuri katika elimu ya viumbe na kemia. Hufundishwa umbo la mwili na kazi ya kila kiungo, dawa na vipimo vyake, lishe, ukunga, maradhi ya watoto, maradhi ya akili, na afya ya watu majumbani mwao. Huchukuliwa wodini akajifunza kwa mikono yake. Akimaliza, hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, kisha hutumika mwaka mmoja chini ya uangalizi wa waliomtangulia.

Katika Nakuru, Chuo Kikuu cha Egerton husomesha shahada hii. Chuo hiki kilianza mwaka 1939 huko Njoro, kiasi cha kilomita 25 kutoka mjini, kikiwa skuli ya ukulima ya walowezi wa Kizungu, kikawa chuo kikuu mwaka 1987. Wanafunzi wake wa afya hujifunza kazi katika hospitali kuu ya Nakuru, ambayo hupokea wagonjwa kutoka pande nyingi za Bonde la Ufa. Hii ndiyo elimu iitwayo na wajinga kumwaga makarai!

Na lau ingekuwa ni kumwaga makarai tu, je, kuna aibu gani? Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, akiachwa kulala ubavu mmoja, nyama yake hufanya vidonda vikaoza. Amgeuzaye, akamsafisha, akamfunika utupu wake, amefanya ibada kubwa. Twajua sote thawabu za kumzuru mgonjwa. Na huyo humzuru mara moja kwa robo saa, akatoka. Je, yule akaaye naye usiku kucha?

SHARIA YASEMAJE?

Wanazuoni wetu wamesema kwamba utabibu ni fardhi kifaya. Maana yake ni kwamba wakipatikana watu wa kutosha kuutenda, dhambi huwaondokea waliosalia. Na wasipopatikana, mji mzima hupata dhambi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyasema haya katika kitabu chake cha Ihyaa, kisha akawalaumu watu wa zama zake. Aliona miji ambayo tabibu wake wote si Waislamu, na hali vijana wa Kiislamu wamesongamana katika mabishano ya fiqhi ambayo tayari yana watu wa kutosha. Akauliza iweje watu waikimbilie fardhi iliyokwisha kusimamiwa, na waiache isiyo na wa kuisimamia. Ndugu zangu, lawama hii ina miaka zaidi ya 900, na mtu angedhani imeandikwa jana katika Mombasa.

Ama uuguzi wa wanawake, huo haukuanza kwa Wazungu. Florence Nightingale alifungua skuli yake ya wauguzi London mwaka 1860, na kazi yake yastahiki kutajwa kwa wema. Lakini zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliamrisha awekwe katika hema la Rufaida, mwanamke wa kabila ya Aslam, aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Na hema hilo lilikuwa msikitini. Ummu Atiyya wa Kiansari alitoka pamoja na Mtume katika vita saba, akiwapikia watu, akiwatibu waliojeruhiwa na akiwauguza wagonjwa. Rubayyi binti Muawwidh naye alisimulia kwamba walikuwa wakiwanywesha maji wapiganaji na kuwatibu. Khabari hizi zimo katika vitabu sahihi vya Hadithi, navyo vimo katika makabati yetu. Tumevifungia vumbi, kisha twauliza kama jambo hili ni la Kiislamu!

Wakaja waliofuata, wakajenga mahospitali kwa mali ya wakfu. Sultani Qalawun alijenga yake Cairo mwaka 1284, ikawa na pande za wanaume na pande za wanawake, na watumishi wa kuwauguza, na masikini hakutozwa kitu. Sisi hutoa wakfu nyumba na minazi kwa ajili ya misikiti, na hilo ni jema; lakini ni nani katika sisi aliyetoa wakfu chumba kimoja kwa ajili ya mgonjwa au kwa ajili ya amsomaye mgonjwa?

HOJA ZA WANAOKATAA

Hoja ya kwanza: "Atawagusa wanaume na kuona tupu zao." Jawabu: Asili ya jambo hili ni kukatazwa, na haja hulihalalisha kwa kadiri yake. Fuqahaa wamelipanga: mwanamke atibiwe na mwanamke, na mwanamume atibiwe na mwanamume, asipopatikana, ndipo wa pili, na asitazame wala asiguse ila pale panapohitajiwa. Sasa hebu tujiulize. Mke wako akishikwa na uchungu usiku ukampeleka hospitali, wataka nani ampokee? Bila shaka wataka mwanamke, na ukiweza wataka Mwislamu, ajuaye nifasi na janaba, asiyemwacha wazi mbele ya wapitao. Umemtaka binti wa nani? Wa kwako umemzuia. Wataka wenzako wawatoe binti zao kwa ajili ya mkeo, na wewe wako umfungie. Huku si kuchunga heshima. Ni kula katika sahani ya jirani na kuficha chungu chako.

Hoja ya pili: "Nakuru ni mbali, na mwanamke hasafiri peke yake." Jawabu: Hukumu ya maharimu ni kweli, nasi hatuipuuzi. Basi baba, au kaka, au ami ampeleke binti mpaka chuoni, aone mahali atakapolala na watu atakaokaa nao, na amwendee wakati wa likizo. Kuna uzito gani? Kutoka Mombasa hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 600. Tangu mwaka 2017 gari moshi mpya yafika Nairobi kwa muda wa saa chache, na iliyobakia ni safari ya barabara isiyotimia siku. Babu zetu walikwenda bara kwa miguu miezi na miezi, na reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 waliifuata. Ilipofika Nakuru mwaka 1900 na kupita kwenda ziwani, Waswahili walikuwamo, na Wanubi, na Wasomali, na Wahindi Waislamu. Na misikiti ikasimama. Nakuru, ambayo mwaka 2021 ilipewa daraja ya jiji, ina adhana na ina jamaa zetu. Umbali hatuuoni tunapofuata biashara, tukaja tukauona tunapofuata elimu?

Hoja ya tatu: "Ataharibika." Jawabu: Aweza kuharibika, na aweza kuharibika akiwa chumbani mwake hapa mjini, na simu mkononi. Aliyelelewa kwa kuogopa kuonekana huacha Sala siku ya kwanza asipoonekana. Aliyelelewa kwa kumcha Mola wake, Mola wake yuko Nakuru kama alivyo Mombasa. Mwenye hofu hii na aanze malezi mapema. Asimtwishe binti mzigo wa uvivu wake mwenyewe.

Hoja ya nne, nayo ndiyo nzito: "Karo hatuna, na mkopo wa serikali una riba." Jawabu: Mikopo ya Halmashauri ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoanzishwa mwaka 1995, imekuwa ikitolewa kwa ziada ya 4 kwa 100 kila mwaka. Ziada iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, hata ikiwa ndogo, wala hatutaipaka rangi tukaiita jina jengine. Binti anayekataa kuichukua amefanya la haki, na yampasa aulize kwanza misaada isiyokuwa deni, nayo iko: ya serikali, ya kaunti na ya mfuko wa jimbo. Lakini dhambi ya jambo hili haikomei kwake. Mji wenye matajiri, wenye harusi za siku saba, wenye mapochopocho ya kumwagwa, ukimwacha mtoto wa masikini akachagua baina ya riba na ujinga, mji huo utaulizwa.

Tupige hisabu. Nyumba 100 za mtaa mmoja, kila nyumba ikitoa shilingi 200 kwa mwezi, hupatikana shilingi 20,000. Na kwa mwaka mzima ni shilingi 240,000. Shilingi 200 hazimfilisi mtu. Zikiwekwa chini ya watu watatu waaminifu, zikaandikwa na hisabu ikasomwa msikitini, zaweza kuwakopesha vijana kadhaa kwa mkopo mwema usio na nyongeza, wakaurudisha watakapopata kazi, ukawasaidia wanaofuata. Na mwanafunzi aliye fakiri anastahiki Zaka kwa ufakiri wake. Haya hayataki Serikali wala wafadhili wa ng'ambo. Yataka nia na daftari.

WASIA KWA BINTI MWENYEWE

Mwanangu, ukishakubaliwa na wazee wako, na ukishatia nia, yashike haya.

Kwanza, itengeneze nia yako. Ukienda kwa ajili ya mshahara tu, yaweza ukahuzunika, maana wako wahitimu wanaongojea kazi muda mrefu, na wako waliolazimika kwenda nchi za mbali. Mwaka 2021 serikali ya Kenya ilifanya mapatano na Uingereza ya kuwapeleka wauguzi huko. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini ukienda kwa nia ya kuwaondolea waja wake dhiki, basi kila usiku wa zamu umeandikiwa, kazi ipatikane mapema au ichelewe.

Pili, Sala. Nakuru iko juu zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri yake ni baridi kwa mtu wa pwani. Chukua nguo nzito, usiifanye baridi kuwa udhuru. Na jua kwamba ukinuia kukaa siku 4 kamili, bila ya kuhisabu siku ya kuingia na ya kutoka, wewe si msafiri tena katika madhehebu yetu ya Shafi, usipunguze Sala. Ukiwa wodini, waambie wakubwa wako mapema na kwa adabu kwamba unahitaji dakika chache. Mtu hujibiwa kwa kadiri ya anavyouliza. Ikitokea siku moja umezuiwa na mgonjwa asiyeachika, mzazi anayetokwa na damu au mfano wake, wako wanazuoni, na miongoni mwao ni Qaffal Shashi katika Mashafi, walioruhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kwa haja, kwa sharti isifanywe kuwa ada. Huo ni mlango wa dharura, usiufanye kuwa njia ya kupita kila siku.

Tatu, tohara na mavazi. Damu na mikojo ni najisi. Iwe na wewe nguo safi ya kusalia mbali na nguo ya kazi. Spiriti ya kutakasia mikono, wanazuoni wengi wa zama zetu wameiruhusu kwa ajili ya haja ya matibabu. Usiache kuitumia ukamwambukiza mgonjwa kwa wasiwasi. Jisitiri kwa vazi lisilozuia kazi. Pakihitajiwa kukunja mkono wa nguo ili uoshe mpaka kiwiko, fanya kwa kadiri ya haja, kisha ushushe.

Nne, usiogope somo la maiti. Majmaa ya Fiqhi ya Makka iliruhusu mwaka 1987 kupasuliwa maiti kwa ajili ya mafundisho, kwa masharti ya kutozidisha haja na kulinda heshima yake. Mbele ya mwili ule usicheke wala usifanye mzaha. Alikuwa mtu, na mamake alimpenda.

Tano, kuwa mkweli katika daftari la wodi. Ukisahau kumpima mgonjwa mapigo ya moyo, andika kwamba hukumpima, wala usibuni nambari. Usipojua kipimo cha dawa, uliza, japo utachekwa. Kuchekwa hupita, na dawa iliyozidi katika mshipa wa mtoto hairudi. Na siri za wagonjwa ni amana. Usizipeleke chumbani kwenu wala katika simu yako.

Sita, usiulize kabila wala dini ya mgonjwa ili ujue umpende kiasi gani. Unakwenda katika nchi iliyoonja uchungu wa jambo hili. Mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu wa Nakuru na Bonde la Ufa walikatana kwa mapanga, jirani na jirani. Katika Kenya nzima wakafa zaidi ya watu 1,100. Katika Mei 2018 bwawa la Solai lilipasuka usiku, maji yakachukua zaidi ya watu 40. Siku kama hizo hospitali hupokea kila mtu, na jeraha halina kabila. Iwapo mgonjwa wako ni Mkalenjin, au Mkikuyu, au Mturkana, na hajapata kukaa karibu na Mwislamu, basi Uislamu atakaoujua ni mkono wako. Mfanye akumbuke mkono mpole.

Saba, akifika mbele yako Mwislamu aliye katika kukata roho, na jamaa zake wako mbali, usimwache afe katika kelele za kitanda cha pili. Mwelekeze Kibla ikiwezekana, mkariri Shahada kwa sauti ya upole bila ya kumlazimisha. Sisi twasoma hitima za watu 500 baada ya mtu kufa, na pengine saa aliyotuhitaji zaidi hakuwa na mmoja wa kumtamkia neno. Kazi hiyo yaweza kuwa yako.

WASIA KWA WATU WA MJI

Nanyi mliobaki, msidhani kwamba mambo haya ni ya binti na babake peke yao. Mwenye jamaa Nakuru na amwandikie wamtazame mgeni. Wenye kuposa na wamngojee amalize, au wamwoe kwa sharti ya kusoma na walitimize sharti hilo, kwa kuwa Waislamu hushikwa na masharti yao. Maimamu na walisemee jambo hili katika hotuba kabla ya mwezi wa kuripoti, si baada yake. Wale wa barazani wasioweza kutoa shilingi wala rai njema, sadaka yao iwe ni kunyamaza.

Twalalamika kila siku kwamba wake zetu hawasitiriwi mahospitalini, na wagonjwa wetu hawafahamiwi, na maiti wetu hawaheshimiwi. Malalamiko hayajaosha kidonda hata kimoja. Dawa yake ni binti huyu mwenye barua mkononi, anayengoja neno la babake. Baba, siku zinakwenda. Sema naam, kisha umshike mkono umpeleke.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na vizazi vyetu, awaponye wagonjwa wetu, na awalinde wanaowauguza. Wabillahi taufiki.